Gia zikigoma, anzia fri

Jumapili, usiku

Wiki hii yote nimekuwa nikiitafakari hukumu moja inayotolewa haraka mno: "Giaboksi imekufa." Inatolewa juu ya zile gari za Kimarekani za V8 za miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, Chevelle, Camaro, GTO na ndugu zake, zilizofungwa giaboksi ya gia 4 iitwayo Muncie. Gia ya pili inagoma, rivasi inalia, liva inachezacheza hata ikiwa ndani ya gia, na papo hapo watu wanaanza kupanga kushusha boksi. Inaniuma, kwa sababu Muncie ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mara nyingi ugonjwa uko nje yake: kwenye klachi, kwenye rodi 3 za shifta (mtambo wa liva unaochagua gia), au kwenye kijibushi kisichozidi kifungo cha koti.

Klachi ndiyo inayosingizia wenzake, kwa hiyo ipimwe kwanza. Injini ikiwa imezimwa, pitisha gia zote, moja hadi nne, kisha rivasi. Rivasi ikikataa kwa kuwa meno yamekutana uso kwa uso, sukuma gari kidogo ujaribu tena. Washa injini, iache izunguke bila kukanyaga mafuta, kanyaga klachi mpaka chini, rudia. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na kugoma ikiwa imewashwa, usiiguse shifta: klachi haiachii. Rivasi ya Muncie haina sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha kasi ya gia kabla hazijaungana), ndiyo maana ni shahidi mzuri. Kanyaga klachi, hesabu hadi 10, kisha iingize. Ikikwaruza baada ya muda wote huo, klachi bado inazungusha shafti ya kuingizia. Pedali iwe na uhuru wa kama inchi 1 kabla haijaanza kusukuma. Uhuru ukiwa mkubwa zaidi, klachi haitaachia; usipokuwepo kabisa, bearing ya klachi itaisha mapema. Angalia pia ule mhimili unaolala kati ya injini na fremu, unaoitwa Z-bar. Bushi zake zikiisha, nusu ya safari ya mguu wako inapotelea hapo.

Klachi ikiwa nzima, pandisha gari kwenye stendi imara 4, kwenye sakafu ngumu. Jeki peke yake haitoshi, na hapa sibembelezi mtu: utakuwa umelala chini ya gari ukivuta vitu kwa nguvu.

Upande wa kushoto wa boksi utaona kifuniko kilichofungwa kwa bolti 7. Kina mikono 2: wa mbele ni wa gia ya tatu na ya nne, wa nyuma ni wa kwanza na wa pili. Mkono wa rivasi uko peke yake kwenye mkia wa giaboksi. Shika kila rodi uitikise. Rodi ikicheza ndani ya tundu huku mkono umetulia, bushi imekwisha. Mkono ukicheza juu ya shafti yake, kaza nati au bolti iliyoushika. Kwenye Muncie za hadi 1968 shafti ina uzi kwa nje na hufungwa kwa nati; kuanzia 1969 ni bolti inayoingia ndani ya shafti. Ukikaza na bado unacheza, ujue tundu la mkono limelika kingo, na mkono ubadilishwe.

Toa bushi moja ya nailoni uiangalie karibu na taa. Ikiwa mpya ni nyeupe na mviringo kamili. Ikizeeka inakuwa rangi ya chai, upande mmoja umekuwa mwembamba kama ganda la kitunguu, na tundu limevutika likawa umbo la mbegu ya boga. Mchezo huo unaonekana mdogo, lakini liva ni ndefu. Kama sehemu ya juu ya egemeo ni ndefu mara 4 kuliko ya chini, milimita 1 ya uchakavu chini inakuwa milimita 4 mkononi, na bushi ziko zaidi ya moja kwenye njia ya kila gia. Zibadilishe zote pamoja na klipu zake. Bushi za chuma zinakaza vizuri na kudumu, ila zinaleta kelele ndani ya gari. Kwa gari ya barabarani mimi naona nailoni inatosha. Tundu la mkono likiwa limeshapanuka, bushi mpya ni pesa ya bure.

Sasa fri, yaani pale boksi haliko ndani ya gia yoyote, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Shifta ya kampuni ya Hurst ya rodi 3, ile iliyokuja na GTO tangu 1964, ina tundu la pini linalopita kwenye fremu yake na vibao vyote 3 kwa ndani, kimoja kwa kila rodi. Pini ni ya robo inchi, yaani milimita 6.35. Mkia wa biti ya drili ya ukubwa huo unafaa kabisa, mradi umenyooka.

Toa klipu, chomoa rodi zote kwenye mikono ya boksi. Sogeza kila mkono wa kifuniko kwa vidole, mbele na nyuma. Utasikia mahali 3: gia, katikati, gia. Uache katikati. Mkono wa rivasi una mahali 2 tu. Uache ulipo nje ya gia. Ili usijidanganye, zungusha propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) kwa mkono matairi ya nyuma yakiwa hewani na hendibreki imeachiliwa. Ikizunguka kwa urahisi bila kukinzwa na injini, umepata fri ya kweli.

Rudi kwenye shifta, weka liva fri, sukuma pini ipite vibao vyote. Halafu chukua rodi moja moja, zungusha kile kichwa chake chenye uzi mpaka kiingie kwenye tundu la mkono kwa uzito wake tu. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kichwa kinakaribia, kimebaki nusu mzunguko, mtu anakisukuma kwa kidole gumba kikaingia. Kusukuma huko kumeshauhamisha mkono kutoka katikati. Zungusha tena, uwe na subira. Ukimaliza zote 3 na kurudisha klipu, pini itoke kwa vidole viwili. Ikibanwa, kuna rodi haijakaa sawa.

Fri isipokuwa sawa, shifta inaweza kushika kibao kipya kabla ya kile cha kwanza kurudi katikati, na liva ikaganda kati ya gia mbili. Usiing'ang'anize kwa nguvu za bega. Zima injini, ingia chini, rudisha mikono katikati kwa bisibisi kubwa, kisha pangilia upya.

Zimebaki bolti 2 za kizuizi, mbele na nyuma ya shifta, kama yako inazo; ndizo zinazoizuia liva isipite mwisho wa safari yake. Zilegeze kwanza. Ingiza gia ya tatu, shikilia liva mbele kwa nguvu ya kawaida, kaza bolti ya mbele mpaka iguse. Achia liva, irudishe bolti mzunguko 1, funga nati yake. Kwa gia ya nne fanya vivyo hivyo ukivuta nyuma, na bolti ya pili. Zikiingia ndani mno, gia haiingii yote na itaruka unapoachia mafuta. Zikiwa nje mno, kila msukumo wa mkono wako unaishia kwenye uma unaosukuma gia ndani ya boksi, na uma ukipinda ndipo lile boksi lililosingiziwa litakuwa limeumia kweli.

Kama gia zinagoma tu pale unapokanyaga mafuta, angalia mauntini, yaani vishikizo vya injini kwenye fremu. Ya kushoto ikikatika, injini inainuka, na Z-bar na rodi zinavutika nayo. Jambo hili lilikuwa zito kiasi kwamba mwishoni mwa 1971 General Motors iliziita zirudi zirekebishwe gari zipatazo milioni 6.7 za Chevrolet, Camaro zikiwemo, kwa ajili ya mauntini.

Mafuta ya boksi ni kama lita 1.4, na yajazwe hadi ukingo wa tundu la kujazia upande wa kulia. Tumia 80W-90 ya daraja la GL-4. Mimi naepuka GL-5 kwa ajili ya ringi za shaba za sinkronaiza.

Baada ya kilomita 100 hivi, rudi chini na tochi. Bushi mpya zitakuwa zimekaa, kwa hiyo angalia klipu zote, kaza nati za bolti za kizuizi, na upitishe pini tena.