Ukurasa Wenye Mkono

Juzi binti yangu alipewa kazi ya nyumbani ya Historia ya Tanzania na Maadili: tafuta chanzo kimoja cha kihistoria mtandaoni, ukieleze. Akaperuzi weee, mwisho akanigeuzia simu. "Mama, hivi huu mkono ni wa nani?"

Mkono wa kushoto, pete ya fedha kwenye kidole cha mwisho, ukucha wa gumba umepasuka. Umefunika karibu ukurasa wote. Mkono wa babu wa mtaa wa Gerezani huo, ningeutambua hata bila miwani.

Ni kipindi kile cha mradi, kile nilichokuwa nakuja kwenye vikoba nanuka karatasi kuukuu. Tulikuwa tunaskani maandishi ya zamani ya Kiswahili ili walimu na watafiti wayapate bila kusafiri. Magazeti yalikuwa mteremko. Mambo Leo, lililoanza hapa Dar mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu, limepigwa chapa kwa herufi za Kirumi. Unalaza, unapiga, unageuza, na kompyuta inajisomea yenyewe, japo kwa kubabaika. Kazi ilikuwa kwenye daftari za majumbani. Watu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zamani sana kabla ya Mjerumani, na hati hizo bado zimo kwenye masanduku ya watu. Chuo Kikuu kilianza kuzikusanya mapema, na orodha yake aliyoiandaa J.W.T. Allen ilichapishwa mwaka 1970. Tenzi zina wapenzi wengi. Sisi tulikuwa tunawinda vile visivyo na mpenzi: madeni, mahari, hesabu za duka.

Babu alikuja nayo mwenyewe, imefungwa kwenye kanga. Daftari la baba yake. Akakataa kuliacha hata kwa usiku mmoja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hilo feni lizime, litanipeperushia."

Alijuaje? Feni tulikuwa tunazima kweli, karatasi zisicheze chini ya kamera. Kwa hiyo jueni joto lililokuwamo: dirisha limefungwa, taa mbili zimeinamia meza huku na huku, Februari ya Dar. Glavu hatukuvaa, ukivaa huihisi karatasi, unaichana. Unanawa, unakausha mikono, unafungua kwa ncha za vidole. Babu alikaa ubavuni kwangu akigeuza kurasa mwenyewe, mimi nikibonyeza. Kila ukurasa aliusimulia. Huyu alikopa mchele. Huyu alilipa nusu, nusu nyingine akafa nayo. Huyu ni shangazi, usimcheke.

Kisha akafungua ukurasa mmoja, akanyamaza, na mkono ukashuka pap! juu yake.

"Huu hapana."

Sasa, kanuni yetu ilikuwa kila ukurasa unapigwa, hata mtupu, ili msomaji wa mbali ajue hakuna kilichonyofolewa katikati. Nikamweleza. Msimamizi naye akaja, akamweleza kwa lugha ya mikutano. Babu alisikiliza mpaka mwisho, jasho likimchirizika kwenye kofia, mkono palepale.

"Kanuni yenu inasema upigwe?"

"Ndiyo, babu."

"Basi piga na mkono wangu. Waone kwamba nimekataa."

Msimamizi akanitazama, nikamtazama. Nikabonyeza. Kabla mkono haujashuka niliwahi kuona safu ya tarakimu na majina machache, basi. Na mimi herufi zile nilizisomea chuoni Magomeni kwa ajili ya Kurani. Kiswahili ndani yake ni kazi nyingine, kwa sababu Kiarabu hakina p wala v, na usipomjua mwandishi neno moja unaweza kulisoma kwa namna tatu.

Yaliyofuata ni ya haraka. Mradi ukaisha, picha zikapanda mtandaoni, babu akafariki, Mungu amrehemu. Nyumba ya Gerezani ikavunjwa ijengwe ghorofa, na kwenye vurugu za kuhama daftari likapotea na sanduku lake. Kilichobaki duniani ni picha zetu. Ndipo wajukuu walipogundua kwamba ugomvi wao wa mirathi pengine umeandikwa kwenye ukurasa uleule mmoja usiosomeka.

Mmoja wao aliwahi kunifuata mpaka kazini. Eti faili kubwa, lile la ubora wa juu, si litaonyesha kilicho chini? Nikamwambia kamera ilipiga ngozi, faili liwe kubwa kama nyumba litaonyesha vinyweleo. Akaniona nina upande. Sina. Mara nyingine nafikiri babu alikuwa na haki kamili, mara nyingine nafikiri marehemu wa pili kwenye daftari lile, yule baba yake, hakuulizwa na yeyote.

Wiki iliyopita kijana huyohuyo kanitumia picha. Fundi wake wa Kariakoo ameutoa mkono kwa programu ya simu, na kweli chini yake kuna maandishi, meusi, yamenyooka mstari kwa mstari. Nimeyasoma kulia kwenda kushoto, nikarudia. Herufi zimeshikana vizuri kabisa, hakuna hata neno moja. Yeye anachotaka ni nimtafutie shehe wa kumtafsiria, kesi inatajwa mwezi ujao.