Kaiseki ya watu wawili kwa bei ya punguzo

Ukiwa Kyoto au Tokyo na unataka kula kaiseki, ule mlo wa Kijapani unaoletwa sahani baada ya sahani, nenda mchana, siku ya kazi. Jiko ni lile lile, lakini bei huwa chini sana kuliko ya usiku. Seti nyingi za punguzo huanzia watu wawili.

Soma bei kwa makini. 税込 maana yake kodi imo, 税別, haimo. Ada ya huduma, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15, huenda ikaja juu yake. Tuseme seti ya yeni 12,000 imepunguzwa robo, ikawa 9,000. Ongeza huduma ya asilimia 10, inakuwa 9,900. Ongeza kodi ya asilimia 10, mnalipa 10,890, na hamjanywa kitu. Bahashishi haitolewi. Kuponi itaje mnapoweka nafasi, kwa sababu wakati wa kulipa mara nyingi haipokelewi tena.

Siku hiyo hiyo ya kuweka nafasi, sema msichokula. Kusubiri hadi mketi mezani ni kuchelewa, maana dashi, mchuzi wa mwani wa kombu na samaki mkavu aliyeparwa, huwa umeshatiwa kwenye supu, mboga na mayai. Kwa Mwislamu, kusema "bila nguruwe" hakutoshi: uliza pia kuhusu sake, pombe ya mchele, na mirin, pombe tamu ya kupikia, maana zote mbili zina kilevi na hutumika karibu kila mahali.

Punguzo mara nyingi hupatikana kwa kupunguza idadi ya sahani. Hilo halina ubaya. Sahani sita zenye wanmono nzuri ni bora kuliko kumi zisizo nayo. Wanmono ni bakuli la supu nyepesi, na hapo ndipo mpishi hujulikana. Seti isiyo nayo mimi siihesabu.

Bakuli lenyewe ni la mbao, lina mfuniko. Supu ikipoa kidogo, hewa ya ndani hunywea na mfuniko unang'ang'ania. Usiuvute kwa nguvu, supu itamwagika. Bana kingo za bakuli taratibu kwa mkono wa kushoto hadi hewa iingie, kisha inua mfuniko kwa wa kulia. Nusa kwanza. Kunywa mdomo ukiwa kwenye bakuli, vilivyomo ule kwa vijiti.

Sashimi, vipande vya samaki mbichi, anzeni na samaki mweupe, mwenye mafuta awe wa mwisho. Wasabi, kiungo kikali cha kijani, iwekwe juu ya kipande. Ukiikoroga kwenye sosi ya soya, harufu yake inapotea. Msipokezane chakula kijiti kwa kijiti, wala msisimike vijiti kwenye wali: yote mawili ni mambo ya msibani.

Wali ndio huwaponyoka wageni wengi. Katika mlo wa namna hii huja mwisho, pamoja na supu ya miso, yaani soya iliyochachushwa, na achari, kisha tunda. Mkishiba mapema mtauacha, na wali wa chungu, wenye ukoko wa hudhurungi chini, ni hasara kuuacha. Ukibaki, ulizeni kama wanaweza kuufinyanga uwe onigiri, matonge ya wali, mwondoke nazo. Wakati wa joto baadhi ya mikahawa hukataa, kwa kuhofia chakula kuharibika njiani.