Matundu Matatu ya Mkanda

Machi 2007, nikiwa nimepanga chumba Manzese na kuuza vipuri vya pikipiki Kariakoo, nilisikia kwamba binti tuliyeachana naye miaka miwili nyuma amefariki kwao Iringa. Aliyeniletea habari hakutaja ugonjwa. Alisema tu, "Aliumwa sana, kakonda akabaki mifupa." Ilitosha. Nikajua nami nimekanyaga miwaya, nina virusi vya Ukimwi.

Haikupita wiki, tumbo likaanza kuendesha. Likafuata jasho la usiku, naamka shuka limelowa chapachapa. Kila asubuhi nilitoa ulimi mbele ya kioo cha kunyolea nikitafuta utando mweupe, na kuna siku naapa niliuona. Kufika Juni mkanda wangu ulikuwa na matundu matatu mapya, niliyoyatoboa kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la mchina. Mama mwenye nyumba akaniuliza, "Mwanangu, hivi unakula kweli?" Nilikuwa sili. Kulala pia nilikuwa silali, ila hayo sikuyaweka kwenye hesabu.

Julai 14 Rais Kikwete na Mama Salma wakapima hadharani pale Mnazi Mmoja, kampeni ya nchi nzima ikaanza. Nami wiki iliyofuata nikajikokota kwenye foleni. Tone la damu kidoleni, kisha dakika 15 ambazo sitaki kuzikumbuka.

Mstari mmoja. Sina.

Badala ya kushukuru, nikabisha. "Dada, na kuhara huku? Na huku kukonda?"

Nesi akaniuliza nalala saa ngapi. Nikanyamaza. "Mwili ukiogopa unamwaga adrenalini," akasema. "Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, utumbo unavurugika. Hiyo ni ya kumkimbia mbwa, kaka, siyo ya kukaa nayo miezi minne."

Jioni nilikula chipsi mayai sahani mbili, na kabla ya Jumapili tumbo lilikuwa limefunga. Nikiwasimulia wenzangu hucheka, eti nilikuwa naumwa mawazo tu. Hiyo "tu" ndiyo siikubali. Shuka lililolowa nililifua mwenyewe.

Nesi alinitaka nirudi baada ya miezi mitatu kuthibitisha. Oktoba, siku mbili kabla ya tarehe, niliamka alfajiri nakimbilia chooni.