Pipi za Halloween zilivyoingia kwenye hesabu zangu za kodi

Shemeji yangu, anayejua kila kitu, alishikilia kwamba pipi ninazogawa dukani kwangu siku ya Halloween, ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambapo watoto huomba pipi, ni chakula, na chakula IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, hukubali nusu tu ya gharama. Rafiki yake akamzidi: kitu chochote ukikifunga utepe ni tangazo, hata midoli ya wanao! Mimi ni fundi nguo tu hapa Marekani, nabadilisha zipu na kupunguza suruali, lakini kusoma najua.

Ile nusu ni ya mlo unaokula na mteja mkiongea biashara. Pipi unazomgawia yeyote apitaye mlangoni ili duka lijulikane ni matangazo, gharama yake yote inatolewa kwenye mapato kabla ya kodi, mstari wa 8 wa Schedule C, fomu ya mapato na gharama za biashara ya mtu binafsi. Ila za kuliwa nyumbani hazimo.

Na hapo ndipo ninapojisifu. Nikienda kununua pipi najaza vikapu viwili, nalipa mara mbili, cha biashara kwa kadi ya biashara. Mtunza fedha hununa, foleni nayo hununa, mimi natabasamu, maana risiti yangu haina hata biskuti moja ya mwanangu. Kisha kila mfuko wa pipi naubana na kikaratasi chenye jina la duka na punguzo la kukunja pindo. Mtoto anakula pipi, mama anabaki na kikaratasi. Vikirudi na wateja navitia kwenye bahasha moja na risiti, pamoja na picha ya meza siku yenyewe. Akija mtu kuniuliza hizo pipi zilihusu nini biashara, namkabidhi bahasha. Mwaka jana ilinona kweli, na mapindo yenyewe yalirudisha hela ya pipi na chenji juu.

Krismasi ni habari nyingine. Zawadi kwa mteja unayemjua, gharama inayokubaliwa kwenye kodi ina ukomo wa dola 25 kwa mtu kwa mwaka, kiwango cha tangu 1962, kila kitu kimepanda isipokuwa hicho. Kufunga na kutuma hakuhesabiwi humo. Vitu visivyozidi dola 4, vyenye jina lako lisilofutika na unavyogawa kwa wengi, navyo haviguswi na ukomo huo, ndiyo maana wateja wangu wote wana futi kamba zenye jina la duka. Dada mmoja anayeniletea magauni ya harusi nampa kapu la kama dola arobaini. Naandika 25, jina lake, tarehe na sababu. Zinazozidi natoa mfukoni kwangu, na shemeji ananiona mjinga.