Tairodi nne za bure

Mlio ulianza Juni, vumbi lilipokuwa limeshatanda kila mahali. Nilikuwa narudi nyuma pale Kibirizi, Kigoma, kupakia dagaa, nikakata usukani wote kushoto, gari likalia: ng'iiirrr. Haikuwa kelele ya kutisha. Ilikuwa kama kitanda cha kamba mtu mnene anapogeuka ubavu. Tandiboi wangu alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya hela.

Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75, pikapu, injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, dizeli isiyo na tabo. Ekseli ya mbele ni moja ngumu kutoka gurudumu hadi gurudumu, na springi zake ni za pleti mbele na nyuma. Nayataja haya mapema kwa sababu mwenye gari dogo lenye boljointi (viungo vya tufe kwenye magurudumu ya mbele) akifuata maneno yangu neno kwa neno atapotea. Namna ya kutafuta inafanana, ila mkosaji atakuwa mwingine. Kazi ya gari ni kutoka mjini, Simbo, Ilagala, hadi Kalya. Kwenda nabeba sukari, sabuni na bati. Kurudi nabeba samaki, mahindi, madumu ya mawese na watu. Barabara ile wanaoijua wanaijua.

Wiki ya kwanza nikajifanya sisikii. Wiki ya pili mlio ukaongezeka, sasa hata nikikata kona ya kawaida ulikuwa unalia, na abiria wa mbele wakaanza kunitazama. Nikampelekea fundi mmoja. Alisikiliza amesimama, mikono mfukoni, nikakata usukani mara mbili, akasema, "Tairodi hizo, bosi. Zote nne." Yaani viungo vya ncha za zile fimbo zinazogeuza magurudumu ya mbele. Sikumuuliza amejuaje. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na niliona aibu baadaye kwa sababu mimi mwenyewe nimekaa na magari haya miaka kumi na tatu. Nikanunua tairodi nne, zikafungwa, nikalipa. Nilipotoka tu getini kwake, gari likalia ng'iiirrr.

Si hivyo tu. Fundi yule alizungusha ncha za tairodi bila kupima umbali kati ya tairi mbili za mbele, kwenye kingo zao za mbele na za nyuma. Safari mbili baadaye tairi za mbele zikawa zimeanza kulika kwa ndani kama zimesagwa na tupa. Kwa hiyo nilikuwa na mlio uleule, hela imekwenda, na tairi zinakwisha.

Tandiboi naye alikuwa na dawa yake. Siku moja tunasubiri kivuko Ilagala, akachukua mawese kwenye dumu la abiria (kwa ruhusa, anasema), akayapaka kwenye raba zote alizoziona chini ya boneti na kwenye shako za springi, vile vyuma vinavyoshikilia ncha zake. Gari likanyamaza siku mbili nzima! Akatembea kifua mbele. Siku ya tatu mlio ukarudi, na safari hii kila alipopaka kulikuwa na tope la vumbi na mafuta gumu kama ugali wa jana. Raba za bushi hazipendi mafuta hata kidogo, yawe ya mawese au ya injini. Zinavimba, zinalegea, zinakatika. Lakini nikiri kwamba mawese yale yalinifundisha jambo: kama mlio ulipungua kwa kupakwa kitu, basi sehemu yake angalau inatoka kwenye raba kavu. Ni vile tu sikulifikiria hilo siku ile. Nililifikiria nikiwa nimelala chali chini ya gari, Gungu, kwa mzee mmoja aliyenipokea vingine kabisa.

Mzee yule hana gereji, ana mwembe. Nilimsalimu, akaitikia marahaba, nikaanza kumweleza. Akanikatisha.

"Mwanangu, zima injini kwanza."

Nikazima.

"Sasa zungusha usukani kidogo kidogo, kushoto, kulia."

Bila injini usukani ni mzito, lakini unazunguka. Mlio ukatoka. Akaniambia basi tumeshaondoa nusu ya gari: pampu ya pawa inayolainisha usukani, mkanda wake, upepo ndani ya mafuta, vyote hivyo vinahitaji injini iwe inawaka ndipo vilie. Mkanda uliolegea hupiga mluzi ukikata usukani hadi mwisho, na pampu yenye mafuta pungufu huunguruma. Kinacholia injini ikiwa imezimwa ni chuma kwa chuma, au raba kwa chuma. Dakika moja, bila spana. Mimi nilikuwa nimeshalipia tairodi nne.

Hatua iliyofuata ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na tangu siku ile naifanya mwenyewe. Tuliweka mawe tairi za nyuma, gia ikaingizwa, breki ya mkono ikavutwa. Tandiboi akakaa kwenye usukani. Mimi na mzee tukaingia chini, kila mmoja na upande wake, na kazi ilikuwa kushika. Tandiboi anasukasuka usukani taratibu, wewe unaweka vidole juu ya kiungo kimoja, unasubiri mlio. Kiungo kinacholia utakisikia kwa vidole kinatetemeka, kama unavyoshika koo la mtu anayeimba. Kisicholia hakitetemeki hata kama sikio linakwambia kelele inatoka hapohapo. Sikio hudanganya kwa sababu chuma hubeba sauti: mlio unaanzia kwenye gurudumu, unapanda kwenye fimbo, unapita boksi la usukani, unatokea miguuni mwa dereva. Angalizo la mzee, alilolirudia mara tatu: usiweke kidole mahali gurudumu linapogota kwenye kizuizi chake, na mwambie aliye juu asiguse swichi ya injini hata kwa bahati mbaya. Funguo tulizitoa kabisa. Kwa kuwa usukani wa gari langu hujifunga ufunguo ukitolewa, tuliurudisha hatua moja tu, betri ikiwa imechomolewa.

Tairodi zangu mpya zilikuwa kimya kama maji ya mtungi.

Mzee akatuma mtoto alete kipande cha mpira wa maji, kama mita moja. Ncha moja sikioni, nyingine unaizungusha kama daktari. Akaanza kwenye shako za springi, mbele na nyuma: kidogo, si sana. Akaja kwenye boksi la usukani: hamna. Kisha akanyanyuka, akaweka ncha ya mpira pale nguzo ya usukani inapopenya ukuta wa injini kuingia ndani, kwenye kava la mpira. Akatabasamu, akanipa mpira nisikilize mwenyewe. Ng'ii, ng'ii, karibu kabisa, kama panya. Akachukua chupa ya maji ya kunywa akamwagia pale. Tandiboi akazungusha: mlio umepungua nusu.

Umepungua nusu. Hapa ndipo fundi wa haraka angekunja mkeka na kudai hela yake. Kumbe nilikuwa na milio miwili iliyokuwa ikiimba pamoja, na ndiyo maana kila dawa ilionekana kufanya kazi kidogo. Wa kwanza ulikuwa mwembamba, wa raba kavu iliyojaa vumbi ikisugua nguzo ya chuma. Huo hauna hatari yoyote, ni kero tu. Wa pili ulikuwa mzito, unakuja usukani ukivuka katikati, na uliusikia zaidi ukiwa chini kuliko ukiwa ndani.

Tulilipiga gari jeki chini ya ekseli, tukaweka stendi, tairi zote mbili za mbele zikaelea. Nikashika tairi kwa mikono nikazungusha kushoto na kulia. Kimya. Mzee akasema, "Ee, unaona? Ukimbebesha mzigo analia, ukimpumzisha ananyamaza." Tairi likiwa chini, uzito wote wa mbele unashuka kwenye ekseli, na ekseli inaukalisha juu ya beringi ya chini ya kingpini (pini ambayo gurudumu hugeukia), ile iliyo ndani ya kile kibuyu cha chuma nyuma ya gurudumu. Kuna beringi mbili kila upande, ya juu na ya chini, na ya chini ndiyo mbeba mizigo. Likiwa limeelea, beringi haina kazi, hailii. Springi nazo zinaweza kunyamaza zikiachiwa, kwa hiyo jaribio hili peke yake halitoshi, lakini shako tulikuwa tumeshazisikiliza kwa mpira.

Juu ya kibuyu kuna plagi ya kuongezea grisi. Aliifungua upande wa kulia, akachovya spoku ya baiskeli: grisi nyeusi, nzito, sawa. Upande wa kushoto spoku ilitoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa.

Maji! Na mara moja nikakumbuka masika. Aprili nilivuka kijito njia ya Kalya, maji yanagonga bampa, nikiwa nimetoka kukimbia muda mrefu na ekseli imechemka. Chuma chenye moto kikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta chochote kilicho karibu. Kama pumulio la difu, yaani tundu la hewa la ekseli, liko wazi, inavuta hewa. Langu lilikuwa limeziba kwa tope (nililikagua mwisho lini? Sikumbuki), kwa hiyo ilivuta maji kupitia sili ya kibuyu, ambayo nayo ilikuwa imechoka. Maji yakatuama chini, penye ile beringi ya chini. Miezi miwili yakala chuma kimyakimya, na Juni ndipo chuma kikaanza kulalamika.

Kufungua si kazi ya asubuhi moja. Gurudumu, kaliba ya breki, habu, spindo, ndipo unafika kwenye mkono wa usukani uliokaa juu ya kingpini. Nati zake zina washa za koni zinazong'ang'ania, na ukizipiga kwa nyundo ya chuma unaharibu ncha za stadi. Mzee alitumia nyundo ya shaba, akagonga pembeni, tak, tak, zikaruka zenyewe. Beringi ya chini ilipotoka, kikombe chake kilikuwa na mistari ya kutu iliyochimbika, sawa na nafasi za rola zake. Ukipitisha ukucha unakwama. Ndiyo maana usukani ulikuwa na kale kakikwazo katikati ambako nilikuwa nimekazoea nikidhani ni uzee wa gari.

Beringi nilizipata Mwanga, hapahapa Kigoma, seti ya pande zote mbili pamoja na sili. Nilibadilisha na kulia pia, kwa sababu sili ya kulia ilikuwa na umri uleule na mimi sikutaka kumlipa mzee mara mbili. Kibuyu kilioshwa kwa dizeli, kikakaushwa, kikajazwa grisi ya molibdeni kama robo tatu. Ukijaza hadi juu, ikipata moto inasukuma sili nje.

Kitu kimoja nilichokishangaa ni kipimo. Beringi hizi zinakazwa kwa bati nyembamba zinazowekwa chini ya mkono: ukipunguza bati, zinabana, ukiongeza, zinalegea. Kitabu cha gari kinatoa kiwango cha nguvu kinachotakiwa kulianzisha gurudumu kugeuka, na hupimwa kwa mizani ya springi inayonasa ncha ya mkono. Mzee alitoa mizani yake. Ilikuwa mizani ileile ya kuning'iniza wanayopimia samaki mwaloni, na harufu yake ilithibitisha. Akavuta, akasoma, akatoa bati moja, akavuta tena.

Tulipomaliza, alipima umbali kati ya zile tairi mbili, kingo za mbele na za nyuma, kwa utepe na chaki, akarekebisha fimbo iliyoachwa ovyo na mwenzake. Hakusema neno juu ya mwenzake. Aliniambia nirudi baada ya wiki ya barabara mbovu akaze tena zile nati za mkono, na niliporudi kweli mbili zilikuwa zimesogea kidogo. Pumulio la difu tulilivutia mpira mrefu hadi juu, karibu na betri.

Yale mawese yalioshwa kwa sabuni ya mche na mswaki, yakachukua mchana mzima wa tandiboi, na sikumwonea huruma.

Kuhusu kava la mpira la nguzo ya usukani, mzee alinishauri nisihangaike na kubadilisha. Alinituma duka la dawa ninunue glisirini, hii hii wanayopaka watu ngozi wakati wa kiangazi. Haili raba kama mafuta yafanyavyo, na haikauki upesi. Unafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, unapaka kidogo kwa kidole kuzunguka nguzo. Inadumu kama miezi miwili hivi kabla ya vumbi kushinda tena, nami napaka tena.

Chupa inakaa kwenye dashibodi. Safari iliyopita mama mmoja wa Kalya aliiona akaniuliza kama anaweza kupaka mikono, nikamwambia apake tu.