Tairi za Beetle iliyoshushwa

Volkswagen Beetle ya zamani ukiishusha ikae karibu na ardhi, usianze na muonekano. Anza na kipenyo cha tairi.

Tairi la kawaida la 165/80R15 (upana milimita 165, kimo cha ubavu asilimia 80 ya upana, rimu ya inchi 15) lina kipenyo cha takribani milimita 645. Ukiweka 145/65R15 mbele unapata kama 570. Tofauti ni 75, lakini gari linashuka nusu yake tu, yaani sentimita 3.7 hivi. Nyuma bakiza 165/80R15, gia zisibadilike na injini isilie bure kwenye mwendo mrefu.

Kumbuka spidomita ya Beetle inaendeshwa na gurudumu la mbele la kushoto. Kwa tairi hilo dogo, ukienda kweli 80 mshale utaonyesha karibu 90.

Upana ndipo wengi wanapoharibu. Rimu ya asili ni ya inchi 4 au 4.5, na 145 inakaa vizuri hapo. 195/65 inataka rimu ya kuanzia inchi 5.5, ukiilazimisha kwenye nyembamba, tairi linavimba ubavuni na linayumba kwenye kona.

Na zile spindo za kushushia (vyuma vya kushikia gurudumu la mbele, vilivyoundwa ili gari likae chini zaidi) husukuma gurudumu nje kidogo kila upande, kwa hiyo tairi pana litakula ukingo wa madigadi. Bandika udongo laini kwenye ukingo huo kwa ndani, pakia watu wawili mbele, kata usukani hadi mwisho pande zote, kisha tambaa polepole juu ya tuta. Udongo ukichubuka, tairi linagusa. Punguza upana kabla hujafikiria kukata bodi.