Kuamkia Diwali: Siku Yangu ya Kazi Kisumu

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimekwisha kuwasha pasi, kwa kuwa nguo zenye zari, yaani nyuzi za rangi ya dhahabu au fedha, hazitaki papara: hupigwa pasi kwa ndani, zikitandikiwa kitambaa cha pamba, moto ukiwa mdogo. Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ilikuwa kesho yake, na wateja wangu ninaowapangia mavazi, ambao wengi ni vijana wa Kihindi waliozaliwa hapa Kisumu, hutaka vazi ambalo nyanya zao watalitambua na ambalo wao wenyewe wataweza kulichezea dansi.

Saa mbili nilipita soko la Kibuye kutafuta mashati meupe ya kiume katika mitumba. Shati la pamba likifungwa fundo kiunoni juu ya lehenga, sketi ndefu pana ya Kihindi, yenye nakshi nyingi hupendeza kuliko blauzi ya kumetameta, kwani nguo mbili zikishindana kung’aa, anayevaa hupotea kati yake.

Saa nne nilifika mtaa wa Milimani, kwa binti aliyetaka kuvaa sari ya hariri ya nyanya yake juu ya suruali nyeusi. Sari ina takriban mita tano na nusu za kitambaa, na bila gaguro, sketi ya ndani ya sari, hakuna kamba ya kuchomekea marinda. Kwa hiyo niliyapunguza kutoka saba hadi matano, nikayabana kwa pini moja upande wa ndani wa kiuno cha suruali, nikapitisha pindo lenye nakshi juu ya bega la kushoto, kisha nikafunga mkanda mwembamba wa ngozi.

“Mwanangu, huyu anakwenda hekaluni au kwenye gwaride?” nyanya akauliza.

“Nyanya, bila mkanda hariri itateleza, naye atashinda ameishika kwa mkono.”

Tulikubaliana kwamba hekaluni avae sari na gaguro lake kama ilivyo desturi, na mkanda na suruali vingoje karamu ya jioni. Kwa kweli uamuzi wake ulikuwa bora kuliko wangu.

Mchana ulikuwa wa wanaume, nao hawana mengi: koti la bandhgala, lile la Kihindi lenye kola ya kusimama iliyofungwa shingoni, juu ya jinzi nyeusi isiyochanwachanwa, basi. Fundi alifupisha mikono ya makoti mawili hadi saa kumi na moja.

Usiku nilimwandikia yule binti kwamba baada ya sherehe asiikunje sari kwa mikunjo ile ile ya zamani, kwa maana hariri huchakaa na kukatika pale ilipozoea kukunjwa. Alijibu kwamba nyanya alikuwa amekwisha kumwambia, tena kwa ukali.